Kabla ya kubeba spika kwenda Butimba

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Sisi ni kikundi cha watu saba, kina mama watano na vijana wawili, kutoka kanisa moja la Buhongwa hapa Mwanza. Tumeguswa kuanza huduma kwa wafungwa wa Butimba. Tuna kwaya ndogo, tuna spika, na tumeshakusanya katoni kadhaa za sabuni na Biblia chache. Mume wangu hapingi, ila anasema wafungwa huokoka wakiona sabuni, na wakishatoka wanarudi kulekule. Tuanzie wapi, tukaseme nini mle ndani, na mume wangu nimjibu nini?

JIBU: Asifiwe sana, mama. Umeuliza mambo matatu, na la mumeo ndilo zito kuliko yote. Nitalifikia. Kwanza nikwambie ninachokiamini baada ya miaka mingi ya kuingia magerezani na kuwaandaa wengine waingie: mfungwa wa Butimba hakosi mahubiri. Anachokosa ni mtu anayerudi. Vikundi vinakuja Krismasi na Pasaka, vinaimba, vinagawa, vinaomba kwa sauti kubwa, vinaondoka. Aliyekaa ndani miaka sita ameshawekewa mikono na makanisa mengi, lakini hawezi kukutajia jina la hata mmoja aliyemwombea.

Kwa hiyo spika iacheni nyumbani kwa sasa. Kaeni ninyi saba mjiulize ni wangapi wanaweza kwenda siku ileile kila mwezi, kwa miaka miwili, mvua inyeshe, msiba utokee, harusi iwepo. Wakipatikana watatu, huduma ipo. Wanne waliobaki wana kazi nyingine, tena si ndogo, nitaieleza huko chini.

Lango la gereza lina utaratibu wake. Mchungaji wenu aandike barua rasmi ya kanisa kwenda kwa Mkuu wa Gereza. Itaje majina ya watakaoingia kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa, namba zao za simu, siku mnayoomba na mnachokwenda kufanya. Semeni wazi kama mnaomba kuwahudumia mahabusu, wafungwa, au wanawake. Mnaweza kuambiwa msubiri. Mnaweza kupangiwa siku moja na kikundi cha kanisa jingine kilichotangulia. Kubalini, tena kwa furaha, kwa sababu waliotangulia wanawajua watu na wanajua mwenendo wa mahali. Makanisa yakianza kugombania Jumapili, askari huchoka na wanaoumia ni waliomo ndani.

Siku ya kuingia, simu zibaki, pochi zibaki. Vaeni kwa heshima. Mtapekuliwa, msinune. Usimpe mfungwa kitu mkononi, hata peremende, hata kikaratasi chenye namba yako, wala usipokee barua ya kumpelekea mtu nje. Kuingiza kitu gerezani bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Magereza ya mwaka 1967, na mmoja wenu akikamatwa, mlango unafungwa kwa wote waliokuwa wakiwasubiri. Mlichobeba kikabidhiwe ofisini, kihesabiwe, kisainiwe. Na askari wasalimieni kwa majina. Wengi wao ni waumini wa makanisa yetu haya haya, wanabeba mambo mazito siku nzima, na ni nadra mtu akawauliza habari za mioyo yao.

Sasa mmeingia. Jambo la kwanza mnalopaswa kulijua ni kwamba mbele yenu kuna watu wa aina mbili, na msipowatofautisha mahubiri yenu yataumiza. Mfungwa ameshahukumiwa. Mahabusu bado kesi yake haijaamuliwa, na Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia mpaka ithibitike. Fikiria kijana aliyekaa mahabusu miaka minne kwa kesi ya mauaji ambayo haina dhamana. Kila akipandishwa karandinga kwenda mahakamani anarudi na jibu lilelile, upelelezi haujakamilika. Jumapili anasimama mgeni asiyemjua, anamnyooshea kidole, anamwambia atubu uhalifu wake. Kama hakutenda, umemhukumu kabla ya jaji. Kama alitenda, umemfundisha kwamba kanisa linapenda majibu ya haraka. Julai 2019 Rais Magufuli aliingia Butimba akawasikiliza waliomo, na malalamiko ya kukaa mahabusu muda mrefu yalikuwa miongoni mwa yaliyotawala siku ile. Mkiwasikiliza ninyi mtayasikia pia.

Usimuulize mtu kosa lake. Muulize anatoka wapi. Kwa ukanda wetu huu mtakutana na wavuvi waliokamatwa na nyavu haramu, kokoro na timba, wachimbaji kutoka machimbo ya Geita, wafugaji waliopigana kwa ajili ya malisho, wazee wa kesi za mashamba ya urithi, vijana waliohukumiwa miaka 30 kwa ubakaji au unyang'anyi wa kutumia silaha. Ukishajua mtu anatoka wapi, umeshaujua nusu ya upweke wake. Mama wa mfungwa anayeishi Ukara lazima avuke hadi Bugolora, apande gari hadi Nansio, kisha apande meli ya kuja Mwanza, na akifika alale kwa watu ndipo kesho aende kumwona mwanawe kwa dakika chache. Wa Sengerema na Geita wamepata nafuu tangu Daraja la Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, lakini nauli bado ni nauli. Wengi wa mle ndani hawajatembelewa kwa miaka, na si kwamba hawapendwi.

Mkaseme nini basi? Msianze na jehanamu. Wanaume wale wanalala wakisongamana, wanaamka kwa kuhesabiwa, na maneno ya adhabu wameshayasikia kutoka kila upande. Anzeni na Biblia yenyewe, maana sehemu kubwa yake imepitia gerezani. Yusufu alifungwa kwa kesi ya kusingiziwa. Akamsaidia mnyweshaji wa Farao, yule mtu akatoka, akamsahau miaka miwili mizima. Someni kisa hicho taratibu, Mwanzo 39 hadi 41, kisha mnyamaze mwaachie wao waseme. Nimeona wanaume wenye miili mikubwa wakikwama pale penye mnyweshaji kwa sababu kila mmoja anamjua wake: mwenzake aliyeachiwa kwa msamaha akaahidi kwenda kumsalimia mama yake, akapotea. Waraka kwa Filemoni nao una sura moja tu, unasomwa kwa kikao kimoja, na unamhusu mtumwa mtoro ambaye Paulo alimpata akiwa kifungoni.

Kaeni kwa makundi madogo, watu kumi hadi kumi na watano, na kitabu kimoja mkimalize. Injili ya Marko yafaa. Wapo wasiojua kusoma, na hao wasifichuliwe mbele ya wenzao. Msomaji awe mmoja kila mara mpaka mtakapowajua. Wapo wazee ambao Kiswahili chao ni cha shida, na kwao Biblia ya Kisukuma ikipatikana ni zawadi kubwa kuliko katoni ya sabuni. Tena hapa niseme jambo ambalo vikundi vingi havilioni: miwani ya kusomea. Mtu wa miaka hamsini na tano amepewa Biblia ya herufi ndogo, taa ni hafifu, anaishika tu kifuani. Ombeni ruhusa mpeleke miwani ya kawaida ya kusomea na Biblia za herufi kubwa, hata chache.

Kwaya yenu msiifanye onyesho. Mle ndani wana kwaya yao, na mara nyingi wanaimba kuliko sisi. Jifunzeni nyimbo zao, wafundisheni mbili zenu, muimbe pamoja.

Nije kwa mumeo. Mwambie hajakosea, wapo wanaonyoosha mkono kwa ajili ya sabuni. Lakini aangalie nani aliyewafundisha. Mkihubiri kwanza, mkaita watu mbele, halafu mkagawa sabuni kwa waliokuja mbele, ninyi ndio mmeweka bei ya wokovu. Dawa yake ni rahisi. Sabuni, dawa ya meno, kandambili na taulo za kike vipelekwe ofisini vigawiwe kwa wote, Mwislamu na Mkristo na asiye na dini, siku tofauti na ya ibada ikiwezekana. Baada ya hapo atakayekuja kukaa nanyi na kusoma Marko amekuja kwa sababu yake. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zile za mwaka 2015 zilizopewa jina la Nelson Mandela, zinataka kiongozi wa dini asizuiwe kumfikia mfungwa anayemhitaji, na zinataka pia mfungwa asiyetaka aheshimiwe kabisa. Ibara ya 19 ya Katiba yetu nayo inalinda uhuru huo wa imani. Katika ukumbi wa gereza, ambako mtu hawezi kunyanyuka akaenda zake, kuliheshimu hilo ni sehemu ya ushuhuda wenu.

Na msiionee aibu sabuni. Paulo akiwa kifungoni Rumi, karibu na kufa, alimwandikia Timotheo amletee joho alilokuwa ameliacha Troa kwa Karpo, pamoja na vitabu, akamsihi ajitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi. Mtume aliyeona mbingu ya tatu alikuwa anahisi baridi na akasema. Elizabeth Fry, mama wa Kiingereza aliyeingia gereza la Newgate mjini London mwaka 1813, aliwakuta wanawake wamerundikana na watoto wao katika uchafu, na alichoanza nacho ni nguo za wale watoto. Shule na mafunzo ya Biblia vilifuata miaka michache baadaye. Kwa kuwa ninyi ni kina mama wengi, ombeni upande wa wanawake. Ni wachache, kwa hiyo husahaulika, na baadhi wako na watoto wachanga ambao hawana kesi yoyote na mtu.

Hata hivyo msiwahesabu waliookoka. Ripoti ya "mikono arobaini ilinyooshwa" hulifurahisha kanisa Jumapili, lakini haimsaidii aliyenyoosha. Andikeni majina ya waliorudi kikao cha pili, cha tatu, cha sita. Na mtu anayewajia kwa ujanja mpeni muda, maana hata makutano walimfuata Yesu ng'ambo ya bahari kwa sababu ya mikate, akawaambia hivyo usoni, na bado akawafundisha.

Kuna mipaka ambayo mkiivuka mtaharibu. Usimwahidi mtu kwamba utamtoa. Usiseme "nitaongea na hakimu". Usichangishe pesa za kesi ya mtu mmoja huku wenzake mia wakiangalia. Vijana wenu wawili, na hata ninyi mama zao, mjue kwamba upweke wa gerezani huzaa mapenzi ya haraka, kwa hiyo msiende mmojammoja na msibebe salamu za siri. Akikulilia kuhusu kesi yake, lipo unaloweza kufanya bila kuwa wakili. Aliyehukumiwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi anatakiwa kutoa kusudio la kukata rufani ndani ya siku 10, na sababu za rufani kuziwasilisha Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Anaweza kuzipitisha kwa Mkuu wa Gereza. Wengi hupoteza siku hizo kwa mshtuko na kutojua. Mwelekeze aombe kuonana na ofisa wa gereza anayeshughulikia rufani, na aulize habari za msaada wa kisheria unaotolewa chini ya sheria ya mwaka 2017 kwa wasio na uwezo. Mkiwa na wakili kanisani kwenu, mwombeni aje siku moja aeleze hayo kwa wote, bila kuchukua kesi ya yeyote. Somo hilo moja linaweza kumfaa mtu kuliko mikesha mingi.

Kuhusu afya, kwa kifupi: msongamano hueneza kifua kikuu. Mwenye kikohozi asiingie, na yeyote kati yenu atakayekohoa wiki mbili aende kupima, ni bure katika vituo vya serikali.

Lipo pia jambo la waliodhulumiwa, ambalo huduma nyingi hulikwepa. Nyuma ya kila hukumu ya haki yupo mtu aliyeumizwa, na huyo pia ni wa Mungu, pengine anasali Buhongwa benchi la tatu. Toba ya mfungwa isiyomtaja aliyemuumiza haijakamilika. Zakayo hakuishia kuteremka kwenye mkuyu, alisema mbele ya watu kwamba aliowanyang'anya atawarudishia mara nne. Fundisheni hivyo. Lakini msimruhusu mfungwa amtumie aliyemuumiza ujumbe wa kuomba msamaha kupitia kwenu, hasa kwa makosa ya ubakaji. Yule aliyeumizwa hana deni la kumsikiliza. Akitaka mwenyewe, kwa wakati wake, mchungaji na ustawi wa jamii wawepo.

Sasa wale wanne niliowaacha. Mumeo anasema wakitoka wanarudi kulekule. Basi tuwafuate wakitoka. Kifungo kina tarehe. Sheria inaruhusu mfungwa mwenye mwenendo mzuri apunguziwe theluthi ya kifungo, kwa hiyo gereza linajua kwa kiasi kikubwa lini fulani atatoka. Msamaha wa Rais nao hutangazwa mara nyingi Aprili 26 na Desemba 9. Desemba 9, 2019, sherehe za Uhuru zilifanyika hapahapa Mwanza, uwanja wa CCM Kirumba, na Rais akatangaza msamaha kwa wafungwa 5,533 nchi nzima. Watu walishangilia, mimi pia. Lakini makanisa mengi hayakuwa na jibu la swali moja: hao watu usiku ule watalala wapi?

Mtu anatoka na nguo aliyoingia nayo miaka tisa iliyopita. Simu aliyoijua haipo tena. Mke ameolewa Magu. Shamba ndugu wamegawana. Kijijini wanasema akirudi hapa tutamchoma. Anazunguka stendi, na wa kwanza kumkumbatia ni yule aliyekuwa naye kwenye tukio. Hapo ndipo wanaposema kwamba wokovu wake ulikuwa wa uongo. Mimi nasema tulimwachia peke yake sehemu ngumu kuliko zote.

Wale wanne washike hii kazi. Miezi mitatu kabla ya mtu kutoka, kwa idhini yake na ya ofisi, wamtafute ndugu mmoja anayekubali kumpokea. Waende kijijini wakaongee na mwenyekiti na wazee, maana kurudi kwa mtu aliyemkosea jirani hakuwezi kuwa jambo la ghafla. Nauli iwepo. Awe na mtu wa kumngoja langoni. Na kazi ya mikono ianze wiki ileile: wengine wamejifunza useremala, ujenzi au ushonaji ndani, wengine wanaweza kubeba dagaa Mwaloni pale Kirumba wakati mambo mengine yanapangwa. Mtu akilipwa mwisho wa siku, usiku wake unakuwa mwepesi kidogo.

Kanisani msimpe maiki. Najua makanisa yetu yanapenda shuhuda, na mtu aliyetoka Butimba ni ushuhuda unaojaza ukumbi. Lakini akishasimama mbele na kusema alikuwa jambazi, hiyo ndiyo sura yake mtaani milele, na watoto wake shuleni wataisikia. Akae mwaka mzima kama muumini wa kawaida, afagie, aimbe, akope chumvi kwa jirani. Akitaka kuongea baadaye, ataongea. Mchungaji lazima ajue alichofungwa nacho, na kama kinahusu watoto, asipewe kazi yoyote ya shule ya Jumapili wala ya kulala kambini na vijana, hata atubu kwa machozi gani. Hilo aambiwe kwa upole na wazi siku ya kwanza. Aliyebadilika kweli atalielewa.

Kwa hiyo, mama, kabla mchungaji hajaandika ile barua, ombeni kikao na baraza la wazee wa kanisa lenu. Wawekeeni swali hili mezani: mwakani, Aprili 26, akiachiwa mtu tuliyekuwa tukisoma naye Marko, asiye na ndugu wa kumpokea, nani kati yetu atampa chumba kwa mwezi mmoja? Msiridhike na jibu la "Mungu atafanya njia". Pateni jina la nyumba, liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Wakikataa, anzeni na hao wazee kwanza, msome nao Waebrania 13:3 na Filemoni, mwombe, mrudi tena kikaoni. Jina likipatikana, pelekeni barua Butimba siku inayofuata.